Ugwe wa Mgongo Ukibanwa Shingoni: Lini Ukubali Upasuaji, na Ujiandae Vipi

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kilekile. Mtu ameambiwa kuwa ugwe wake wa mgongo umebanwa shingoni na anatakiwa kupasuliwa. Shingo yenyewe haimuumi sana. Anatembea, ingawa kwa kuyumba. Jirani amemwambia kwamba wanaopasuliwa uti wa mgongo huishia kwenye kiti cha magurudumu. Sasa anauliza: nikubali, nisubiri, au nitafute dawa nyingine?

Jibu langu nalitoa mapema. Kama mikono imeanza kupoteza ustadi na miguu imeanza kuyumba, usingoje maumivu ndiyo uamue. Kazi ya kwanza ya upasuaji huu ni kuokoa kilichobaki, na kadiri unavyokawia ndivyo cha kuokoa kinavyopungua.

## Kinachobanwa ni nini

Shingo ina pingili 7. Nyuma ya miili ya pingili hizo kuna mfereji wa mfupa, na ndani yake hupita ugwe wa mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalounganisha ubongo na mikono, miguu, kibofu na sehemu nyingine za mwili. Kwa mtu mzima mfereji huo huwa na nafasi ya milimita 17 hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Ukishuka chini ya 13, madaktari huuhesabu kuwa mwembamba.

Umri ndio chanzo kikubwa. Diski hukauka, hupungua kimo na kutokeza nyuma. Mifupa huota vichomozo. Kano zilizo ndani ya mfereji hunenepa. Mara nyingi mambo huanzia kati ya pingili ya 5 na ya 6. Waliozaliwa na mfereji mwembamba hubanwa mapema zaidi, na miaka mingi ya kubeba mizigo mizito kichwani huongeza kuchakaa kwa pingili na diski.

Ugwe uliobanwa ni kama majani yaliyolaliwa na jiwe. Ukiliondoa jiwe mapema, majani hunyanyuka. Ukilikawiza, utaliondoa na sehemu fulani itabaki manjano.

## Dalili ambazo watu huzipuuza

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Unaanza na mambo madogo ambayo mtu huyasingizia uzee, uchovu au sukari:

- Vifungo vya shati vinakuwa kazi ngumu. Sarafu na funguo zinaponyoka. Mwandiko unaharibika, na kuandika ujumbe kwenye simu kunakuchosha.
- Vidole vina ganzi, mara nyingi mikono yote miwili.
- Miguu inakuwa mizito na inakakamaa. Unashika ukuta gizani, unaogopa ngazi, na kandambili zinakutoka mguuni bila kujua.
- Ukiinamisha kichwa, unahisi kama umeme unashuka mgongoni hadi miguuni.
- Haja ndogo inakuja kwa haraka isiyozuilika, au inachelewa kutoka.

Maumivu ya shingo yanaweza kuwepo, yanaweza kukosekana kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima ukubwa wa ugonjwa kwa maumivu. Upime kwa mikono na miguu.

Unaweza kujijaribu nyumbani kwa njia tatu:

1. Nyoosha mikono mbele, kisha ufumbe na kufumbua ngumi haraka kadiri uwezavyo kwa sekunde 10. Mtu mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi.
2. Nyoosha vidole ukiwa umevibana pamoja, vikae hivyo nusu dakika. Kidole cha mwisho kikijitenga chenyewe, hiyo ni dalili.
3. Tembea kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Fanya hivi karibu na ukuta, na mtu awe pembeni yako.

Kufaulu hakumaanishi huna tatizo. Kushindwa kunamaanisha umwone daktari, na umweleze hasa kilichokushinda. Ukimwambia tu kwamba "shingo inasumbua" utarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Mwambie: "Siwezi tena kufunga vifungo, na nimeanguka mara mbili."

## Dalili za kutolala nazo

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Mikono au miguu imelegea ghafla, au inazidi kulegea ndani ya siku chache.
- Mkojo umeziba, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.
- Umeanguka, au umepata ajali ya bodaboda, na sasa mikono ina ganzi au haina nguvu, hata kama picha ya kawaida inaonyesha hakuna mfupa uliovunjika. Kwa mtu mwenye mfereji mwembamba, kichwa kurushwa nyuma tu kunatosha kuumiza ugwe.
- Una homa, jasho la usiku au unakonda, pamoja na maumivu ya shingo. Kifua kikuu cha mifupa, usaha na saratani hubana ugwe pia, na tiba yake huenda njia tofauti.

## Makosa yanayopoteza muda

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba, kwa wastani, wagonjwa walipoteza zaidi ya miaka miwili tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa. Muda huo huishia kwenye mambo haya:

Kupiga picha ya kiuno peke yake. Miguu ndiyo inayolegea, kwa hiyo kiuno ndicho kinachopigwa MRI. Kwa umri wa miaka 60 ni nadra kukosa diski ya kiuno iliyochakaa, na lawama zote huangukia hapo. Kama miguu imekakamaa na mikono nayo haiko sawa, omba shingo iangaliwe.

Kupasuliwa kiganja. Ganzi ya vidole huweza kutokana na mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na upasuaji wake ni mdogo. Kabla ya kuukubali, hakikisha daktari amekagua mwendo wako na amegonga magoti yako kwa kinyundo chake. Mshipa wa kifundo cha mkono hauwezi kuifanya miguu iyumbe.

Kunyooshwa shingo. Hili nalisema kwa msisitizo. Yule kinyozi anayekukanda kichwa kisha akakigeuza ghafla hadi shingo ilie, fundi wa viungo wa mtaani, hata mashine ya kuvuta shingo: vyote ni hatari kwa mtu ambaye ugwe wake umebanwa. Mwambie kinyozi aishie kwenye nywele.

Kuishi kwa vidonge. Dawa za maumivu na vitamini za mishipa zina kazi yake. Ukiwa na upungufu wa vitamini B12 utasaidika kweli, na upungufu huo upimwe kwa sababu dalili zake hufanana na hizi. Ila hakuna kidonge, sindano wala mzizi unaoondoa mfupa uliobana ugwe. Dawa ikipunguza maumivu na huku vidole vinazidi kuwa vizito, ugonjwa unaendelea mbele.

Kusema amerogwa, au ni kiharusi. Kiharusi huja kwa dakika au saa, na mara nyingi upande mmoja. Kubanwa ugwe kwa kawaida huchukua miezi na miaka, na hugusa pande mbili. Familia ikifanya dua, ifanye. Na rufaa ya bingwa iendelee kushughulikiwa wakati huohuo.

## Vipimo vya kudai

Kipimo kikuu ni MRI ya shingo. X-ray huonyesha mpangilio wa pingili na jinsi zinavyosogea ukiinama na kuinuka, lakini ugwe hauonekani humo. CT hufaa pale ambapo daktari anataka kujua kama kinachobana ni mfupa au ni diski, na kwa wale ambao hawaruhusiwi kuingia kwenye MRI kwa sababu ya kifaa cha chuma mwilini.

Daktari pia atataka kuondoa shaka ya magonjwa mengine: sukari, B12, VVU, kaswende, kifua kikuu. Usichukie kupimwa hayo.

Omba kila picha kwenye CD pamoja na ripoti iliyoandikwa. Karatasi ya ripoti peke yake haimtoshi mpasuaji, kwa kuwa yeye huamua kwa kuiangalia picha mwenyewe. Jambo hili dogo limewarudisha watu wengi kutoka Dar es Salaam hadi mikoani kufuata CD iliyosahaulika kabatini.

## Je, ni lazima kupasuliwa?

Si kila mtu. Kuna kipimo cha alama 18 kinachotumiwa duniani kote: 5 za mikono, 7 za miguu, 3 za hisia na 3 za kibofu. Mtu mwenye 15 hadi 17 yuko hatua ya mwanzo, 12 hadi 14 hatua ya kati, na 11 kushuka chini hali ni nzito. Muulize daktari una alama ngapi, uziandike. Miezi sita baadaye hutahitaji kubishana na yeyote kama unapona au unazidi.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unasema hivi:

- Hatua ya kati na nzito: upasuaji unapendekezwa.
- Hatua ya mwanzo: upasuaji, au mazoezi chini ya usimamizi na ukaguzi wa mara kwa mara. Ukianza kushuka, upasuaji.
- Picha inaonyesha ugwe umeguswa lakini huna dalili yoyote: usipasuliwe kwa kinga. Fundishwa dalili, kisha ufuatiliwe.

Najua pingamizi litakalofuata. "Mimi niko hatua ya mwanzo, si bora ningoje?" Unaweza, ukikubali kufuatiliwa kwelikweli. Tafiti zilizokusanywa kwa ajili ya mwongozo huo zilionyesha kwamba kati ya 20 na 62 kwa kila wagonjwa 100 walioachwa bila upasuaji walikuwa wameshuka baada ya miaka 3 hadi 6. Ugonjwa hushuka kwa ngazi: unatulia miezi mingi, unaamini umepona, kisha siku moja ngazi nyingine inaondoka. Kungoja bila tarehe ya kliniki huko ni kujidanganya.

"Nimeshazeeka." Umri peke yake si kizuizi. Wenye miaka 70 na zaidi hupasuliwa na kunufaika. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu, sukari na nguvu za mwili kwa jumla.

"Nitapooza mezani." Hofu hii naielewa. Ugwe kuumia wakati wa upasuaji hutokea, lakini ni nadra. Mtu mwenye dalili za kati au nzito anayekaa bila upasuaji ana hatari kubwa zaidi ya kupoteza mikono na miguu, kidogokidogo au kwa kuanguka mara moja tu. Jirani amewaona waliofika hospitali wakiwa wamechelewa. Hao walikuwa wameanza kupooza kabla ya kisu.

## Kupitia mbele au nyuma

Mpasuaji anaweza kuingia mbele ya shingo au nyuma yake. Usishangae madaktari wawili wakitofautiana.

Kupitia mbele, hukatwa mstari mdogo pembeni ya koo, diski hutolewa, na nafasi yake huwekwa kipande cha mfupa au kikasha kidogo, mara nyingi pamoja na bamba la titani na skrubu ili pingili ziungane. Njia hii ilianza kutumika miaka ya 1950. Hufaa zaidi pingili zikiwa moja au mbili, au shingo ikiwa imepinda kuelekea mbele. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye umri mdogo na diski moja mbovu, huwekwa diski bandia inayoruhusu shingo kuendelea kupinda.

Kupitia nyuma, paa la mfereji huondolewa au huinuliwa. Paa likiondolewa, mara nyingi pingili hufungwa kwa skrubu na vyuma ili shingo isije ikainama baadaye. Paa likiinuliwa upande mmoja, kama Wajapani walivyoanza kufanya miaka ya 1970, shingo hubaki na sehemu ya mwendo wake. Njia ya nyuma huchaguliwa zaidi ugwe unapobanwa katika pingili tatu au zaidi.

Ipi bora? Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililofanywa kwa wagonjwa 163 katika hospitali 15 za Amerika Kaskazini, halikuona tofauti ya maana katika hali ya wagonjwa baada ya mwaka mmoja. Matatizo yaliripotiwa zaidi kwa waliopitia mbele, na kubwa lilikuwa ugumu wa kumeza. Kwa hiyo usimfuate daktari kwa sababu ya njia yake. Mfuate kwa sababu ameweza kukueleza kwa nini njia hiyo inaifaa shingo yako.

## Maswali ya kumuuliza mpasuaji

Yaandike kwenye karatasi, uende na ndugu mmoja wa kusikiliza pamoja nawe.

- Ugwe wangu umebanwa pingili zipi, na nini kinachoubana?
- Kwa nini njia hii na si ile?
- Umefanya upasuaji wa namna hii mara nyingi? Ni nani atakayeshika kisu siku hiyo?
- Kuna kitanda cha uangalizi maalumu endapo nitakihitaji?
- Nitarajie nini kirudi, na nini huenda kisirudi?
- Vifaa vitakavyowekwa viko kwenye gharama niliyotajiwa, au vinanunuliwa kando?

Swali la mwisho wengi huona haya kuliuliza. Liulize. Skrubu, bamba na kikasha ni sehemu kubwa ya bei, na nimesikia familia zikiambiwa siku moja kabla kwamba vifaa havipo. Muulize pia mtu wa bima, si mtu wa mapokezi: je, bima yako inalipa upasuaji tu, au na vifaa? Pata jibu kwa maandishi.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, wapasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wanapatikana hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Bugando, Mnazi Mmoja ya Unguja, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mulago. Pitia rufaa, bila barua ya rufaa foleni na bima vyote hukwama. Wanaochagua kwenda India wakumbuke mambo matatu: wapate kwanza maoni ya bingwa wa hapa, wajue mapema nani atawafuatilia wakirudi, na warudi na ripoti ya upasuaji inayotaja aina ya vifaa vilivyowekwa.

## Wiki za maandalizi

- Sigara. Acha angalau wiki 4 kabla, na usiirudie miezi ya baadaye. Nikotini huzuia mfupa kuungana. Ugoro na shisha vimo.
- Sukari na presha. Zishushwe kwanza. Sukari iliyo juu hukaribisha usaha kwenye kidonda.
- Dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na aspirini. Mtajie daktari zote. Nyingine huachwa siku 5 hadi 7 kabla, lakini usiache mwenyewe, hasa kama una kifaa kwenye moyo.
- Mitishamba. Taja kila kitu, hata tangawizi na vitunguu saumu vya vidonge. Baadhi huongeza kutoka damu.
- Damu. Hospitali nyingi zitaomba ndugu wachangie. Waandae mapema.
- Nyumba. Ondoa mikeka inayoteleza na waya njiani, weka taa ya kwenda msalani. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa miguu dhaifu: tafuta kiti chenye tundu, au funga bomba la kushikia ukutani.

Daktari wa usingizi mwambie mwenyewe kama ukiinua kichwa nyuma unahisi umeme au ganzi. Yeye ndiye atakayepitisha mpira kooni, na shingo iliyobanwa haitaki kukunjwa nyuma. Anahitaji kujua kabla ya kukulaza.

Siku yenyewe, chakula kwa kawaida huachwa saa 6 kabla na maji meupe saa 2 kabla, ila fuata utakachoambiwa na hospitali yako.

## Siku za kwanza

Anayekaa na mgonjwa aelewe jambo moja kuliko yote. Baada ya upasuaji wa mbele, shingo ikianza kuvimba, sauti ikabadilika haraka na mgonjwa akahangaika kupumua, ni damu inayojikusanya na kubana njia ya hewa. Hutokea zaidi katika saa 24 za mwanzo. Piga kelele, muite muuguzi na daktari papo hapo. Usimpe maji, usimlaze chali, usingoje raundi ya asubuhi.

Mengine huja na kwa kawaida huondoka:

- Kumeza kwa shida na sauti ya kukwaruza, siku hadi wiki kadhaa. Mpe uji, mtori, viazi vya kuponda, supu; ugali mkavu na nyama ya kutafuna vingoje. Akila awe ameketi wima.
- Maumivu ya misuli ya shingo na mabega, hasa kwa waliopitia nyuma.
- Mkono kushindwa kunyanyuka begani, siku chache baada ya upasuaji. Humpata takriban mtu 1 kati ya 20. Inatisha, kwa sababu mtu aliamka vizuri kisha bega likaanguka. Ripoti mara moja. Wengi hurudiwa na nguvu, ingawa huchukua miezi.

Homa, usaha, majimaji meupe yanayovuja kwenye kidonda pamoja na kichwa kuuma ukiketi: rudi hospitali.

## Nyumbani, miezi mitatu ya mwanzo

Kola ya shingo si lazima kwa kila mtu. Ukipewa, uliza ni kwa muda gani, na je, uivue ukilala au ukioga? Kuivaa kupita muda ulioambiwa hudhoofisha misuli.

Tembea kuanzia siku za mwanzo, kidogo mara nyingi. Usinyanyue zaidi ya kilo mbili au tatu wiki 6 za kwanza. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20: wengine wachote. Na mzigo wa kichwani umekwisha kwa maisha yako yote. Hilo wanafamilia walisikie kutoka kwa daktari mwenyewe, maana mama aliyezoea kubeba atabeba wasipomwona.

Bodaboda usipande. Kuendesha gari kungoje hadi uweze kugeuza shingo bila kola wala dawa za usingizi, mara nyingi baada ya wiki 6 hivi. Safari ndefu ya basi, mathalani Dar hadi Mwanza, ahirisha; isipowezekana, shuka kila kituo unyooshe miguu.

Waislamu huniuliza kuhusu sijida. Mwanzoni salini mkiwa mmeketi kwenye kiti, na mmuulize mpasuaji lini paji la uso lirudi chini. Anayekataa kukaa kwenye kiti kwa kuona ibada itapungua, aongee na imamu wake kabla ya upasuaji, si baada ya shingo kuteguka.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni: kama pingili zako zimeunganishwa, uliza kabla ya kuzimeza, kwani huweza kuchelewesha mfupa kushikana.

Mazoezi ya viungo ndiyo nusu ya pili ya tiba, na ndiyo nusu inayoachwa. Kama mtaalamu wa viungo yuko mbali, mwombe akuandikie ratiba ya nyumbani. Mikono ifanyiwe kazi ndogondogo kila siku: kuchambua maharage, kufunga na kufungua vifungo, kuokota sarafu, kuandika mistari michache. Miguu: kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, kutembea kando ya ukuta, kupanda ngazi moja na kushuka, mtu akiwa karibu.

## Nini kitarudi, na lini

Hapa naomba tuambiane ukweli kabla ya kisu. Wengi hupata nafuu, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo huja miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Baadhi huendelea kupata kidogokidogo hadi mwaka na zaidi. Mwendo na nguvu za mikono hupata nafuu kwa wengi. Ganzi ni mkaidi, hubaki hata kwa waliofaulu vizuri. Aliyekaa na dalili nzito miaka mingi asitarajie kurudi alivyokuwa. Kwake kutoshuka zaidi ni ushindi.

Kwa hiyo usilinganishe wiki ya tatu na matarajio yako. Linganisha na ile karatasi ya alama ulizoandika kabla, na majaribio matatu ya nyumbani, mara moja kwa mwezi.

## Kliniki, hata ukijisikia mzima

Kwa kawaida utaitwa wiki ya 6, kisha miezi 3, 6 na 12, ukipigwa X-ray kuona kama skrubu zimekaa na mfupa unaungana. Mfupa huchukua miezi mingi kushikana, na skrubu inayolegea huenda isiume mwanzoni.

Pingili zilizounganishwa hazipindi tena, hivyo za juu na za chini yake hufanya kazi zaidi. Miaka ikipita, baadhi ya watu hubanwa pingili ya jirani. Utafiti unaojulikana zaidi ulikadiria karibu watu 3 kwa kila 100 kwa mwaka hupata dalili mpya kwa njia hii. Hilo halifuti faida ya upasuaji wa kwanza.

Vifungo vikianza tena kukushinda, au mwendo ukarudi kuyumba, usianze upya kwenye zahanati na vidonge. Nenda moja kwa moja kliniki iliyokupasua ukiwa na CD ya zamani, ripoti ya upasuaji na karatasi yako ya alama, uombe MRI mpya ilinganishwe na ile ya kwanza.